Pampu Iliyokuwa Burat

Maji yalikuwa yamefika magotini nilipofungua mfuniko wa injini ya boti, na injini yenyewe sikuiona. Niliona mafuta meusi yakielea, na chini yake maji mekundu ya mto. Nikachota na kikombe changu cha plastiki, nikamwaga, nikachota tena. Nahodha akasema, "Wacha, mzee. Imezima." Mto ukatubeba kwa ubavu mpaka kwenye mgunga uliozama nusu, boti ikapinduka. Mama mzee tuliyekuwa tukimvusha aende hospitali alikuwa ameshika shati langu. Mimi nikapata tawi. Shati likachanika, akaenda na kipande mkononi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hivyo nitaeleza vile ninavyojua.

Hiyo boti ilikaa miaka kwenye yadi ya magari ya ofisi pale Isiolo, juu ya trela, mbuzi wakilala chini yake kwa sababu ya kivuli. Kazi yangu ilikuwa kufagia yadi, na boti nayo nikapewa kwa vile hakuna mwingine aliyeitaka. Turubai lake lilikuwa limetoboka. Mvua kidogo ikinyesha, maji yanaingia kwenye shimo la injini na kukutana na mafuta yaliyodondoka. Nilijifunza mwenyewe kuyatoa. Kwanza unalaza tambara juu taratibu, linywe mafuta. Halafu unachota maji ya chini bila kukoroga, maana ukikoroga inakuwa kama chai ya maziwa na haitengani tena. Kwenye pembe nilitumia kipande cha godoro, nakamulia kwenye mtungi. Kumwaga mtaroni sikukubali, mbuzi wanakunywa pale. Mafuta yalichukuliwa na watu wa ngamia, wanapaka wanyama wenye upele.

Asubuhi moja nikakuta waya mbili zimefungwa fundo, na mahali pa pampu ndogo ya kutoa maji pako wazi. Nikamwuliza mweka stoo.

"Pampu ya kutoa maji kwa boti iliyo juu ya magurudumu?" akasema. "Mzee, hapa Isiolo maji yenyewe yako wapi?"

Yadi nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, siwezi kuficha.

Baadaye nikapita Burat, nikaiona pampu shambani kwa huyo mweka stoo. Imeunganishwa na betri ya gari, inavuta maji ya mfereji kuingiza kwenye pipa la vitunguu. Nikaenda kwa mkubwa wa magari, nikamwambia wazi nimeiona wapi.

"Andika," akasema.

"Mimi si mtu wa kuandika, bosi."

"Kama hujaandika, hujasema."

Halafu mto ukafurika, boti ikapakiwa kwenye lori mpaka Sericho, na mimi nikapandishwa pamoja nayo kama kifaa chake. Nahodha alikuwa mtu wa ziwani, mpole, aliyeletwa kwa kazi hiyo tu. Alifungua mfuniko, akauliza pampu iko wapi. Nikamweleza. Akapapasa chini ya injini kwa vidole.

"Imekaa kavu sana," akasema. "Kamba inayoziba pale shafti ya pangaboi inapotokea nje imepasuka. Itavuja. Sasa pampu ni wewe, mzee."

Watu walikuwa wamekwama ng'ambo siku kadhaa, wengine juu ya miti. Nani angewaambia wangoje? Nahodha mimi simlaumu. Safari tatu nilichota, tukafika. Ya nne ndiyo tuliyompakia yule mama. Nilimwita akko, vile Waborana wanavyomwita nyanya. Aliitazama boti, akaniuliza, "Hii ngamia yenu haina nundu. Nitashika wapi?"

Nikamwambia, "Shika mimi, akko."

Karatasi ya ofisi kuhusu ajali hiyo ilipotoka, nilisomewa. Ilisema mafuta na maji yaliachwa kwenye chumba cha injini kwa uzembe wa msafishaji. Pampu haikutajwa. Kazi nikafukuzwa, sawa. Lakini binti wa akko anaishi Kinna, na karatasi hiyo alisomewa pia. Nilienda kumpa pole. Nilisimama mlangoni, nikasema salaam aleikum. Yule binti alinitazama mikono, hizi kucha ambazo mafuta hayajawahi kutoka, akaingia ndani. Mwislamu kumnyima Mwislamu salamu si jambo dogo. Namwelewa. Hata mimi ningeingia ndani.

Sitaki kazi irudi. Naambiwa pampu imerudishwa stoo, imeoshwa, inang'aa. Nataka mweka stoo apande gari mpaka Kinna, na mkubwa wa magari akae kando yake. Wamwambie huyo binti kwa mdomo, bila karatasi, pampu ilikuwa wapi siku mama yake alipovuka. Mimi nitasimama palepale mlangoni. Wakimaliza, nitasalimu tena.