Kilima Kilichokubali Upesi

Baada ya kurudi kutoka Tanzania tulikaa kwanza Gitega mjini, katika chumba cha kupanga, mimi, mke wangu na watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimekwisha kwenda Nyarusange kwenye shamba la marehemu baba. Huko nilimkuta mtoto wa baba mdogo, amejenga na kuzaa hapo. Hakunifukuza. Alinionyesha kipande kilichobaki kwenye mteremko, hatua arobaini kwa upana, akasema tugawane kilichopo. Nilikaa siku mbili. Kila nilipokaribia zizi, mkewe aliwahamisha mbuzi. Sikutaka wanangu wakue wakitazamwa hivyo. Nikarudi mjini.

Mke wangu alikuwa na shangazi huko Gashoho, mkoani Muyinga. Alituma habari kwamba kuna viwanja viwili vinauzwa, kila kimoja kwenye kilima chake, na kati ya vilima hivyo kuna bonde na kijito tu. Ukisimama kwenye kimoja unaona nguo zilizoanikwa kwenye kingine. Mimi ni fundi wa cherehani, na fundi wa cherehani anaweza kuishi popote penye soko, kwa hiyo kazi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa moja, nalo nililieleza kwa mke wangu kabla ya safari ya kwanza: tusinunue mahali ambapo siku moja atatokea mtu na kutuambia tuondoke. Tulikuwa tumeondoka vya kutosha.

Nilikwenda mara nne kabla ya kuamua. Nilikuwa na daftari. Ukurasa wa kushoto niliuandika kilima cha karibu na soko, wa kulia kilima cha ng'ambo. Niliandika umbali wa maji, umbali wa shule kwa mwendo wa mtoto, rangi ya udongo, mvua inapitia wapi, na majirani.

Kwenye kilima cha soko, muuzaji alikuwa mtu mwenye kibanda cha chumvi na sabuni, mchangamfu, anayezungumza Kiswahili cha hapa kwa sauti ya juu.

"We utakaa muzuri hapa," aliniambia. "Shamba iko yangu, baba ndiye alinipatia. Uliza mutu yeyote, vraiment, kweli kabisa."

Niliuliza watu tisa, kila mmoja peke yake, siku tofauti. Wote tisa walisema shamba ni la muuzaji. Walijibu upesi, wengine kabla sijamaliza swali. Shule ilikuwa karibu, mtoto wa miaka sita angefika bila kupumzika. Ua wa minyaa ulizunguka kiwanja chote, umekwenda kimo kimoja kuanzia juu hadi chini. Niliandika: majirani wanaelewana, ua mzuri.

Kilima cha ng'ambo kilinichosha. Muuzaji alikuwa mzee aliyetaka kwenda kukaa kwa binti yake, na hakuwa na maneno mengi, lakini majirani zake walikuwa nayo kwa wingi. Walitoka mashambani na majembe yao wakanizunguka. Mimi ni mtoto wa nani? Kwa nini nimeacha shamba la baba yangu Gitega, nimegombana na nani? Mke wangu ni wa ukoo gani, na kwa nini sikuja naye? Mmoja, mwanamume mwenye kofia ya sufu hata juani, aliniangalia nikiandika, akawaambia wenzake kwa Kirundi, akidhani sisikii vizuri, kwamba huyu Mtanzania amekuja kuhesabu migomba ya watu. Walicheka. Halafu akanigeukia.

"Kalamu unayo," akasema. "Jembe liko wapi?"

Kisha, mbele yangu, yeye na jirani mwingine wakaanza kubishana kuhusu mpaka wa chini wa kiwanja kile kile nilichokuja kukitazama. Mmoja alisema mstari unapita kwenye mtini, mwingine akasema unapita juu yake kwa hatua tano. Mzee muuzaji alipoulizwa alisema yeye alikumbuka hatua tatu. Nilifunga daftari. Nimekulia kambini, na kambini mtu anayekuuliza jina la baba yako kabla salamu haijaisha ametumwa na mtu. Niliandika: wadadisi, ugomvi wa mpaka, hapana.

Mke wangu alipokuja kuona aliafikiana nami. Alisimama kwenye kilima cha soko, akaitazama shule, akawatazama watoto, akasema hapa.

Ununuzi wa shamba kule una desturi yake. Kabla ya malipo, muuzaji huandaa mtungi wa pombe ya mtama, na majirani wanaopakana na shamba huja kunywa, wakipokezana mrija. Niliijua desturi hiyo kwa kusimuliwa tu. Nilidhani ni namna ya kumkaribisha mgeni.

Tulikaa mchana kwenye kivuli cha parachichi kubwa lililokuwa ndani ya kiwanja. Walikuja majirani wa pande zote. Wa upande wa chini alikuwa mama mjane, mwembamba, aliyekaa pembeni na miguu ameinyoosha mbele. Mrija ulizunguka. Ulipomfikia, aliupokea kwa mikono miwili kwa heshima, akampa aliyefuata. Hakunywa.

Nilijua mara moja maana yake, au nilidhani najua. Miaka ile maneno ya sumu yalikuwa mengi, na mgeni ndiye aliyeshukiwa kwanza. Mama yule ananiogopa mimi, nikawaza, anadhani nimetia kitu kwenye mtungi. Nilikasirika. Nikasimama, nikauchukua mrija, nikanywa kwa muda mrefu nikimtazama, kisha nikampelekea mwenyewe. Wanaume wakacheka, mmoja akasema Mtanzania huyu alikuja kwa miguu kutoka kwao, ndiyo maana ana kiu. Mama alinishukuru. Akampa jirani yake mrija kwa mara ya pili.

Tuliporudi kwa shangazi niliandika jina la ukoo wake kwenye daftari, na kando yake: watoto wasiende kwake.

Malipo yalipangwa wiki iliyofuata. Kesho yake asubuhi, tukila mihogo, mke wangu alimsimulia shangazi kwa mzaha jinsi nilivyokunywa kama ng'ombe mbele ya watu. Shangazi, mwanamke mzito asiyependa kukatizwa chakula, aliweka muhogo chini.

"Alikataa mrija? Anapakana upande gani?"

"Wa chini," nikasema. "Ananiogopa."

"Mkwe," akasema shangazi, "hakuogopi. Wewe umemlazimisha mara mbili awe shahidi, na mara mbili amekataa."

Akanieleza. Anayekunywa amesema: shamba hili nalijua, ni la huyu anayeliuza, na kesho mkiniita nitasema hivyohivyo. Asiyejua hunyamaza na hanywi. Anayejua vingine hanywi pia. Hakuna haja ya kusema neno. Kila mtu aliyekaa pale alikuwa ameelewa, isipokuwa mimi mwenye daftari.

Tulikwenda kwa yule mjane sisi watatu, tukapita njia ya mbali ili muuzaji asituone kutoka kibandani kwake. Alitukaribisha nyuma ya nyumba, si mbele. Kwa muda mrefu aliongea na shangazi kuhusu maharage. Mwishoni alisema, bila kunitazama:

"Mimi nililima pamoja na mama wa pale. Nilimshika mtoto wake wa tatu alipozaliwa. Siwezi kunywa nikasema sikuwajua."

Mwenye shamba alikuwa amevuka kwenda Tanzania na familia yake, kama sisi. Ua wa minyaa ulipandwa baada yao, wote katika msimu mmoja, ndiyo maana ulikuwa na kimo kimoja. Nilikuwa nimeuona na kuuandika kuwa mzuri. Mama aliongeza kwamba tukimwita mbele ya watu atasema hajui kitu, kwa sababu chumvi ananunua kwa mtu huyo na wajukuu wake wanapita mlangoni pake. Lakini kunywa, hapana.

Njiani nilijaribu kumkumbuka mtu ambaye sijawahi kumwona. Huenda tulipanga foleni moja ya maji kambini. Wale tisa walionijibu upesi nao niliwakumbuka, mmoja mmoja.

Nilivuka bonde nikamwambia mwenye kofia ya sufu kwamba nataka wabishane tena, safari hii mbele ya watu wote, mpaka wamalize. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Walibishana siku mbili. Mpaka ukawekwa hatua nne juu ya mtini, tukapoteza migomba mitatu, na hakuna aliyeridhika. Mtungi ulipoletwa nilitazama kila koo likimeza. Wote walikunywa. Mwenye kofia alikunywa mwisho, akasema pombe ni chachu.

Tumekaa hapo tangu wakati huo. Siwezi kusema niliacha kuwashuku. Watoto walitembea mbali kwenda shule, na mdogo alibebwa mgongoni mwaka mzima wa kwanza.

Kiwanja cha kilima cha soko kilinunuliwa msimu uliofuata na familia nyingine iliyotoka Tanzania. Niliona bati lao likipanda. Mke wangu alisema niende nikawaambie. Nilisema bado hatuna mwaka hapa, tutaitwa wachochezi, na yule mama atajulikana kuwa ndiye aliyesema. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli. Sikwenda.

Baadaye mama wa familia ile aliniletea cherehani, sindano ilikuwa inaruka. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni. Nilipokuwa nikifungua bamba la chini alisema amesikia kwamba sisi tulionyeshwa kiwanja chao kabla yao.

"Kweli, baba?"

"Kweli."

"Mbona hamkuchukua? Shule iko pale pale."

Nilisafisha meno ya cherehani kwa brashi kwa muda mrefu kuliko yalivyohitaji. Kisha nikamwambia akamuulize jirani yake wa chini, yule mama mjane, kwa nini hakunywa siku ile.

"Siku gani?" akauliza. "Siku yetu hakuwepo. Muuzaji alisema ni mgonjwa, akamweka mtu mwingine mahali pake."

Nikaweka brashi mezani. Nikamwambia akae, nikamvutia kiti, nikaanza kumweleza tangu mwanzo. Mtoto aliamka katikati, akamshusha na kumnyonyesha, na hakuondoa macho yake kwangu. Nilipomaliza hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba nimelijua hili tangu lini.