Nyanya za Mhasibu

Harufu iliingia garini kabla bango la mtambo halijaonekana. Mkaguzi wa benki, mama wa makamo aliyezunguka nchi nyingi akikagua miradi lakini huku hakuwahi kufika, alipandisha kioo, akafikiri kidogo, akakishusha tena.

"Usijali, mama," alisema mhasibu wa mtambo kutoka kiti cha mbele. "Pua huzoea."

"Yako imezoea?"

Mhasibu alicheka.

Barabara ilikata kona nyuma ya maghala ya saruji, ikateremka bondeni. Upande mmoja kulikuwa na mabwawa ya majitaka, upande wa pili vitanda vya kukaushia tope, vimejaa pomoni. Majitaka ya mji mzima huingia hapo machafu na maji yakatoka yametakata, lakini ule uchafu uliochujwa hauyeyuki kwa dua. Hubaki tope zito jeusi, nalo lazima lipate pa kwenda. Vitanda vile vilijengwa mji ungali mdogo. Mvua zikiwakuta bila mtambo wa kulitibu tope, litafurika lote hadi kwenye mashamba yaliyo chini.

Mkaguzi ndiye angesema kama benki itatoa mkopo au la. Mkopo ungejenga tangi kubwa la kuchachusha tope, gesi yake iendeshe pampu, na mabaki yakaushwe yauzwe kama mbolea. Mpango wa fedha aliuandika mhasibu mwenyewe, na deni lote alilitundika kwenye mauzo ya mbolea hiyo.

Mhasibu alikuwa mwanamke nadhifu, mwepesi wa hesabu, na wafanyakazi walimpenda kwa kuwa hakuwa na maringo. Jambo moja tu liliwashangaza. Kila jioni aliingia kibanda cha mlinzi, akavua buti na koti lenye nembo ya mtambo, akavaa viatu vya kisigino, akajipulizia manukato mpaka mlinzi akapiga chafya. Kisha alitembea kwa miguu hadi njia panda kungoja basi. Lifti ya lori la kunyonya vyoo hakuitaka hata mvua ikinyesha.

Chanzo kilikuwa binti yake. Siku moja mtoto alirudi kutoka shule macho yamevimba. Wenzake walikuwa wamejiziba pua na kumpisha njia, wakimwita binti wa chooni. Mhasibu hakwenda kugombana na mtu. Alihamisha mtoto shule, akahamisha na nyumba, na mtaa mpya ukaambiwa kwamba mama yuko ofisi ya fedha. Fedha za nini, hakuna aliyeuliza.

Gari liliwashusha shambani, upande wa chini wa vitanda vya tope. Mwenye shamba alikuwa mjane mnene, mchangamfu, anayeitwa Mama Nyanya. Wakulima wengine walipoikataa mbolea ya majaribio, yeye aliichukua. Leo alikuwa ametandika meza chini ya kipaa cha bati: mkate, mayai ya kuchemsha, na sinia la nyanya zilizokatwa, nyekundu hadi ndani.

"Karibuni! Msione haya. Mkila kidogo nitajua mmedharau."

Mkaguzi alikunja mikono ya shati. "Mimi mradi siusomi kwanza. Nauonja." Alikula kipande, kisha kingine, akalamba kidole. "Haya! Nyanya zina utamu hizi, zimenikumbusha nyumbani kwa mama."

Dereva wa lori la kunyonya vyoo alikuwa naye kajisogeza mezani. Wenzake walimbatiza Marashi, na jina lilimkaa. "Mimi hizi nazijua," alisema mdomo umejaa. "Wanangu wamenenepa kwa hizi hizi."

Mhasibu alijua majibu ya maabara bila kusoma. Mbolea ile ilikaa juani muda wote uliotakiwa, ikapimwa, ikaonekana safi. Yeye mwenyewe aliwaeleza wakulima, wageni na wakubwa, bila kukosea neno. Kichwa kilikubali, koo ndilo lililokataa. Alitia kipande mdomoni, akainua karatasi laini kana kwamba anafuta midomo, akakitema humo. Karatasi akaisukumiza ndani ya mkoba. Baadaye kidogo akafanya vilevile. Hakuna aliyeona, na alikuwa fundi wa jambo hilo.

Walipoinuka, Mama Nyanya alikuja amebeba nyanya zilizoiva vizuri kwenye upande wa kanga.

"Lete mkoba, mwenzangu, nikuwekee za binti yetu."

"Acha tu, nitazibeba mkononi."

"Mkononi zitapondeka! Umeanza lini kunionea aibu?"

Aliuvuta mkoba kwa mazoea ya mtu na rafiki yake, akafungua zipu. Juu kabisa zilikaa karatasi zimelowa, mbegu za nyanya zimegandia kwenye kitambaa cha ndani. Moja ilifunguka. Kipande kilichotafunwa nusu kilikuwa humo.

Mama Nyanya hakupiga kelele. Alikitazama, akamtazama mwenye mkoba, akaifunga zipu taratibu.

"Ungesema tu huli," alisema.

Uso wa mhasibu uliwaka mpaka masikio. "Mama Nyanya, tumbo langu leo..."

"Na za kila wiki? Zile za mtoto, unazipeleka wapi?"

Mhasibu aliinamisha kichwa. Marashi alikuwa ameacha kutafuna. Polepole alielewa ni nani aliyekuwa akimwachia mfuko wa nyanya kwenye kiti cha lori kila wiki.

"Kumbe!" alisema. "Na mimi nilidhani nina mtu ananipenda."

Hakuna aliyecheka, naye akajutia mdomo wake.

"Wateja sokoni huniuliza," Mama Nyanya aliendelea, sauti ikiwa ya chini. "Hizi si za kule kwenye mavi? Nawaambia, za kule kule, na mhasibu wao anazila, tena anampa mtoto wake. Wewe ndiye niliyekuwa nikiapia. Kumbe nilikuwa nikila kiapo cha uongo mchana kweupe, mbele za watu, na mizani yangu mkononi."

Alizirudisha nyanya kwenye beseni moja moja, akaanza kukusanya vyombo.

Mhasibu alitamani ardhi impasukie. Angalau angetukanwa angepata la kujibu. Mkaguzi alimshika kiwiko, wakasogea hadi ukingoni mwa kitanda cha tope, ambapo jua lilikuwa limelichanja tope nyufa pana.

"Mwanangu, deni lote umelitegemeza kwenye mbolea. Nani atainunua, ikiwa aliyeandika hivyo anatema?"

"Ni safi, mama. Naapa ni safi."

"Najua ni safi. Nimekula. Nakuuliza kwa nini ulichagua njia hiyo. Wenzako kwingine huongeza kidogo kwenye ankara ya maji, kila nyumba, na mbolea ikiuzika ni bahati. Hilo halikukupita."

Halikumpita. Alishaipiga hesabu hiyo, ikakubali vizuri kuliko nyingine zote. Lakini nyongeza ya ankara ilitaka mtu wa kusimama kwenye mikutano ya mitaa na kuwaeleza watu tope ni nini na linatoka wapi. Mtu huyo ni mhasibu wa mtambo. Na mtaa mmojawapo ulikuwa wake.

"Niliogopa kuonekana," alisema, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia. "Nimeuweka mradi mzima rehani ili majirani wasijue ninakofanya kazi."

Mkaguzi hakumbembeleza.

"Futa mstari wa mbolea," alisema. "Halafu niambie nani atalipa."

"Wanaoenda chooni."

"Hao ni wengi?"

Mhasibu alitabasamu kwa shida, pua ikichuruzika. "Hawajapungua."

"Basi niletee kauli yao. Leo sikuahidi kitu. Mitaa ikikubali, tutakaa mimi na wewe tupige hesabu upya. Ikikataa, nitaandika nilichokiona, na mvua zitafanya kazi yake."

Alasiri hiyo kulikuwa na mkutano mtaani kwa mhasibu. Wito ulikuwa umebandikwa kwenye kila geti, na kama kawaida yake alikuwa ameshapata udhuru. Alitazama saa, kisha akamwendea Mama Nyanya aliyekuwa akisuuza sahani.

"Nisamehe, dada."

Mama Nyanya alisuuza sahani ile ile mara ya pili. "Nenda kaseme huko. Hapa tumeshasikia."

Basi lingechelewa. Marashi alikuwa juu ya lori, injini inanguruma, mipira ya kunyonyea imezungushwa ubavuni kama nyoka waliolala.

"Unaelekea wapi?" mhasibu alimuuliza.

"Kwenu. Kuna shimo limejaa karibu na uwanja wa mkutano. Lakini wewe si hunipandii."

Alipanda. Mguu uliteleza kwenye kipandio, akajivuta. Buti alikuwa nazo, na koti lenye nembo, na mkoba uliolowa mapajani. Marashi alitazama kibanda cha mlinzi.

"Hubadili viatu?"

"Twende kabla sijashuka."

Mlinzi alifungua lango akiwa ameduwaa. Mama Nyanya alikuja na sahani mkononi, akasimama kando ya mkaguzi. Waliona lori likipanda mlima likitapika moshi, na dirishani kichwa cha mhasibu kimeinama kama cha mtu anayepelekwa polisi.

"Atashuka njia panda," alisema Mama Nyanya.

Lori lilifika njia panda, likapunguza mwendo. Pale kituo cha basi watu walijiziba pua. Lilisita, likawasha taa ya kukata kona, likaingia barabara ya mtaani.

Mama Nyanya alifuta sahani kwa upande wa kanga yake, ingawa ilikuwa imeshakauka, akarudi kwenye karo.