Rubani Mwenye Miwani

Juzi nilikuwa Mlandege, kwenye duka la kutoa kopi. Mbele yangu mwanamke wa makamo, mwenye buibui, aliweka mezani cheti cha afya cha rubani.

"Cha mwanao, Bi?" aliuliza muuzaji.

"Changu. Nnajifunza kurusha ndege ndogo. Mtihani wa darasani nshapita, sasa nnaruka na mwalimu. Nikishaiva ntaruka peke yangu, kisha mkaguzi anipime ndo nipate leseni."

"Utabeba watalii?"

"Leseni hii hairuhusu kubeba mtu kwa malipo. Nnaruka kwa raha yangu."

Wivu ulinipanda. Urubani nimeutamani tangu utotoni. Nikamuuliza, huku naomba moyoni awe na kasoro: "Na macho? Hawakagui?"

Alivua miwani, nzito kuliko yangu, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Wanakagua. Daktari kanambia niivae, na nyengine ya akiba niwe nayo. Basi."

Alikunja karatasi zake akaaga.

Miaka yote nawaambia watu kwamba macho ndiyo yaliyoninyima urubani. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo. Sikuwahi kwenda kuuliza.