Mahindi Yasiyoliwa

Mtoto wangu akishika kitu chekundu, hata kama ni ua tu, namnyang'anya kwanza ndipo naangalia ni nini. Watu wa hapa kwetu wanasema nimekuwa mkali. Waseme. Wao hawakumshika alipokuwa amekauka kama ukuni.

Ilikuwa mwaka wa njaa, uhuru ukiwa bado mchanga, tulipokuwa tunapanga foleni kwenye kambi ya chifu kupewa mahindi ya manjano kutoka Amerika. Yalinuka tumbo la meli. Mimi ni mzaliwa wa ziwani, karibu na Homa Bay, harufu hiyo naijua. Lakini nilikuwa nimeolewa huku bara, upande wa Migori, na mume wangu alikuwa kwenye mashamba ya majani chai Kericho, akija mwisho wa mwezi kama kuna nauli. Nilibaki na mtoto wetu wa kike aliyekuwa ndio anaanza kuunganisha maneno, pamoja na baba mkwe, mama mkwe ambaye ndiye mke wa kwanza, na mke wa pili wa mzee aliyekaa ng'ambo ya ua na kuona kila kitu. Mama mkwe aliniita Nyar Nam, binti wa ziwani. Siku njema aliniita hivyo kwa upendo. Siku mbaya alimaanisha mtu aliyekula samaki mpaka akasahau kulima.

Nilikuwa nimesoma kwa masista mpaka kidato cha pili. Nalitaja hilo kwa sababu bwana shamba alipoitisha baraza kutangaza mahindi mapya, ni mimi niliyewatafsiria wanawake. Alisema haya ni mahindi ya serikali, yamechanganywa damu huko Kitale, yanazaa mara mbili ya yetu. Yapandwe kwa kamba, mstari mmoja mmoja, mvua ya kwanza inapogusa ardhi, na kila mwaka tununue mbegu mpya. Hapo mzee mmoja aliuliza kama na ng'ombe wa serikali naye atanunuliwa kila mwaka, maana inaonekana uhuru umekataza vitu kuzaa. Watu wakacheka. Bwana shamba hakucheka. Alikuwa kijana, ana viatu vizuri, na aliogopa kuchekwa.

Mbegu zililetwa kwenye duka la sentani, pale penye soko letu. Magunia yalikuwa na maandishi ya Kiingereza, lakini nani alikuwa na pesa za gunia? Mwenye duka aliyafungua, akayarundika nyuma, akatupimia kwa mkebe kila mtu kwenye kikapu chake. Punje zilikuwa nyekundu, zinaacha vumbi vidoleni. Nilimuuliza ya nini rangi hii.

"Ni alama ya serikali," akasema. "Isije mtu akauza mahindi ya kwao akayaita mbegu."

Ilikuwa na maana. Ningekuwa mwenye duka ningejibu vivyo hivyo. Nikanunua mikebe miwili.

Sasa, kwa Wajaluo kupanda kuna mpangilio. Mzee wa boma na mke wake wa kwanza ndio wanaotoa mbegu mwanzo. Kisha mke wa pili, kisha sisi wake wa watoto. Ukimruka mkubwa wako, unaleta chira, na chira haimpati aliyekosa peke yake. Inamkausha mtoto wake, kidogo kidogo, mpaka anaisha. Na mvua iliponyesha, mzee hakuwepo. Alikuwa amevuka mpaka kwenda Musoma kumzika binamu yake, na matanga huko yalikuwa marefu.

"Nyar Nam," mama mkwe aliniambia nikiwa nimesimama mlangoni natazama maji, "ukinitangulia kutia mbegu chini, wewe hutalipa. Atalipa huyu." Akamwonyesha mtoto kwa midomo.

Sikuamini chira. Masista walituondolea hayo, au walidhani wametuondolea. Lakini sikupanda. Bwana shamba alipita na pikipiki yake akanigombeza kwamba mbegu hii haingoji mila. Nikamwambia aende ndani amwambie mama mkwe mwenyewe. Akapiga teke pikipiki yake akaenda.

Mbegu zikahamia nyumbani kwa mama mkwe, juu ya moshi wa meko, ambapo mbegu zote za boma lile zimelindwa dhidi ya fukusi tangu bibi wa bibi yake. Na mtu asinicheke kwa hili ninaloandika: katika nyumba zote ninazozijua, mbegu ni mahindi yanayosubiri. Mvua ikitangulia, yanapandwa. Njaa ikitangulia, yanaliwa, halafu mtu anakwenda kwa shangazi yake kuomba mbegu, na shangazi anampa huku akimsema. Hakuna aliyewahi kutuletea mahindi ambayo si chakula. Hatukuwa hata na jina la kitu kama hicho.

Siku yenyewe nilikwenda foleni kwa chifu tangu alfajiri. Mahindi ya manjano yakaisha wakiwa wamebaki wanawake wachache tu mbele yangu. Nikarudi na kikapu kitupu, nikiwa nimekasirika, nikipanga maneno ya kumwambia mtoto akianza kulia.

Hakuwa analia. Kitu cha kwanza nilichoona ni kuku. Mmoja alikuwa amelala ubavu, miguu imenyooka. Mwingine alikuwa anazunguka palepale, shingo imepinda, kama mlevi anayetafuta mlango. Karibu na jiwe la kusagia kulikuwa na dimbwi la maji mekundu.

Ndani, mama mkwe alikuwa ameketi na mtoto miguuni. Aliniambia kwa fahari kwamba leo huyu hakulia. Aliyaosha yale mahindi mpaka maji yakatoka meupe, akayachemsha na maharagwe kidogo aliyokuwa ameficha, akampikia nyoyo, kama tunavyouita mchanganyiko huo. Yeye mwenyewe hakuwa ameonja. Fungu langu alilifunika kwa sahani.

"Tumbo ndilo linamsumbua kidogo," akasema. "Alikula kwa pupa."

Nilikuwa sijaweka kikapu chini. Mtoto alinitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kuniambia kitu, macho yakageuka meupe, na mwili wote ukaanza kutetemeka. Degedege nimeliona kwa watoto wenye homa. Hili halikuwa na homa. Ngozi yake ilikuwa baridi na meno yalikuwa yanasagana.

Mama mkwe alishika mkono wangu.

"Ulipanda?"

Sikumwelewa.

"Sema kweli, mwanangu. Ulipanda nyuma yangu? Niambie tujue dawa ya kutafuta."

Nilichota punje chache kati ya zile mbichi zilizobaki, nikazifunga kwenye pembe ya leso, nikambeba mtoto kifuani na kukimbia. Nyuma nilimsikia mke wa pili wa mzee akiuliza kutoka mlangoni kwake kuna nini.

Pale sentani Landrova ya kilimo ilikuwa imesimama mbele ya duka, nyuma imejaa magunia. Dereva aliniambia gari la serikali halibebi raia. Nikapanda. Akaniambia nishuke. Nikamwambia anishushe yeye, na akija anishike vizuri kwa sababu nitamng'ata. Bwana shamba akatoka dukani na soda mkononi, na mimi nikafungua leso nikamwonyesha punje, kisha nikamfunua mtoto.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondokwa na damu hivyo.

"Mbegu hailiwi," akasema, taratibu, kama anayejikumbusha.

"Mahindi gani hayaliwi, bwana shamba? Ni nani alisema kuna mahindi yasiyoliwa? Mimi ndiye niliyekutafsiria. Ulisema lini?"

Akamwambia dereva awashe gari.

Barabara ya Homa Bay ilikuwa matope. Nilikaa juu ya magunia ya mbegu ileile, vumbi jekundu likipanda kwenye gauni, na sikuthubutu kumlaza mtoto. Nilimshikilia hewani mikononi mpaka mabega yakafa ganzi. Degedege lilimrudia. Likaacha. Likarudi tena. Lilipoacha niliogopa zaidi, maana alinyamaza mno na ilibidi niweke shavu langu puani mwake nisikie kama kuna pumzi. Na gari likinguruma vile, pumzi ya mtoto utaisikia wapi?

Tulipokaribia mji bwana shamba aligeuka.

"Mama, ukiulizwa pale, sema mlikuwa mmeonywa. Nami nina watoto."

"Ombea wangu," nikamwambia. "Akipona tutazungumza juu ya wako."

Hospitalini dresa, yule msaidizi wa daktari, aliuliza amekula nini. Nilifungua leso. Alinusa punje, akaziweka chini haraka, akanawa mikono kwanza, na ni kule kunawa kulikoniogopesha kuliko neno lolote. Alimwita daktari. Walimwingiza mpira kooni na mimi wakanisukuma nje.

Nilisimama ukutani. Ziwa lilikuwa pale chini, lilelile nililokulia, na wanawake walikuwa wanaosha vyombo kama siku zote. Nilimwomba Bikira Maria. Kisha nikaanza kufikiria kikapu changu. Nilipotoka nacho dukani, je, hakuna punje iliyodondoka njiani? Mvua ilikuwa imenyesha. Punje moja ikidondoka kwenye udongo uliolowa, itaota. Hiyo si kupanda? Nilisimama pale, msichana wa kidato cha pili, nikitafuta kichwani punje moja njia nzima kutoka dukani hadi mlangoni kwetu, na nilikuwa karibu kuiona.

Usiku daktari aliniambia punje zile zilikuwa zimepakwa sumu ya wadudu. Mtoto alifungua macho kesho yake asubuhi. Alinitazama kwanza kama mgeni. Baadaye akaita, "Mama."

Mama mkwe alifika mchana, miguu imevimba, na chupa ya manyasi, ile dawa ya majani ya kusafisha chira, ameifunga kwenye kanga. Hakukisogelea kitanda cha mtoto. Alinivuta pembeni.

"Ulipanda?"

Wakati huu nilimwelewa. Alikuwa ananiomba. Nikisema ndiyo, chira ni yangu, tutakunywa manyasi, tutachinja jogoo, na yaishe. Nikisema hapana, kinachobaki ni chungu alichopikia yeye. Na ng'ambo ya ua kuna mwanamke aliyengoja miaka mingi kusema kwamba mke mkubwa analisha watoto wa watu sumu, na neno la namna hiyo likishatoka huwa linaishia kwenye jina la mchawi.

Ndiyo ilikuwa ulimini. Naapa ilikuwa ulimini. Lakini pale sentani mwenye duka alikuwa bado anapima kwa mkebe, na boma lililokuwa linangoja mzee fulani arudi ili lipande halikuwa letu peke yake. Kila boma lilikuwa na kikapu juu ya moshi na mtoto anayelia chini yake.

"Sikupanda, mama. Ni yale mahindi. Wameyapaka sumu ya wadudu, hawakutuambia."

Aliifungua kanga, akaitazama ile chupa.

"Mdudu gani huyo," akauliza, "mpaka mtu atie sumu kwenye chakula?"

Akaketi sakafuni, akairudisha chupa ndani ya kanga. Hakumgusa mtoto siku ile wala zilizofuata.

Tulipotoka hospitalini sikwenda nyumbani. Nilisimama mbele ya duka na mtoto mgongoni nikawaambia kila mwanamke aliyekuja na kikapu. Mwenye duka alisema yeye anauza, hapiki. Baadhi walirudisha mbegu zao. Mmoja aliniuliza kama ni sumu, mbona mtoto ninaye mgongoni, nikatamani kumpiga. Bwana shamba naye aliitisha baraza, akatangaza kwamba mbegu isiliwe, na kwamba baadhi ya akina mama hawafuati maagizo. Nikasimama nikamuuliza maagizo yapi. Chifu akaniambia nikae. Sikukaa.

Mzee alirudi, akatoa mbegu na mkewe kama inavyotakiwa, mahindi yao ya zamani. Zamu yangu ilipofika nilipanda zile nyekundu zilizobaki, vidole nimevifunga majani ya mgomba, nikiwa nimechelewa vibaya.

Zilizaa. Siwezi kudanganya. Mabua yalinipita kichwa na hindi moja lilijaza mikono miwili. Watu walikuja kutazama, hata mke wa pili wa mzee. Mimi nilikuwa naliogopa lile shamba. Nilimuuliza bwana shamba kama sumu inapanda na bua. Akasema hapana, haipandi. Alisema upesi mno.

Tangu Homa Bay mama mkwe hakuwa amempikia mtoto chochote. Siku tulipovunja mahindi ya kwanza alikuja nyumbani kwangu bila kuitwa, akachagua mawili, akayachoma. Mtoto alinusa akamkimbilia. Mama mkwe akamzuia kwa kiwiko, bila kumtazama, akala moja lote, punje kwa punje, mpaka likabaki gunzi. Kisha akaweka mikono magotini, akakaa.

Mtoto alilia. Nikamwambia mama, mpe tu.

"Ngoja," akasema. "Tuone mimi kwanza."

Tukangoja. Ng'ambo ya ua yule mke wa pili alikuwa amesimama mlangoni, naye anangoja. Kivuli cha nyumba kilitambaa mpaka kikamfikia mama mkwe miguuni, na ndipo alipochukua hindi la pili, lililokuwa limekwisha poa, akalivunja katikati, akampa mtoto kipande kidogo.