Kundi la Msiba Laenda Kuona Chumba

Kundi letu la WhatsApp hapa Doha lina kazi moja: msiba. Mkenya akiaga dunia tunachanga, tunasafirisha mwili nyumbani, kisha kundi linanyamaza. Ukituma humo salamu za asubuhi, katibu anakugombeza mbele ya watu wote.

Ijumaa moja, maana huku ibada ni Ijumaa, tukitoka kanisani, msichana ninayefanya kazi naye wodini alinionyesha tangazo la chumba cha kupanga mtaa wa Najma. Alitakiwa ahame anakokaa kufikia Jumapili, na hakuwa na pengine pa kwenda. Chini ya picha ya kitanda waliandika: Waafrika wasipige simu. Yeye alipiga. Dalali alisikia lafudhi yake, akakata.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikalirusha tangazo kwenye kundi la msiba bila maelezo. Mara: "Poleni sana." "Mungu awape nguvu." "Mwili uko wapi?" Watu walianza kuomboleza kabla ya kusoma!

Katibu akaingia. "Sista, kwani nani ameaga?"

"Hakuna. Lakini huyu msichana Jumapili atalala wapi?"

Kisha katibu akaandika: "Basi hii ni yetu sote. Kamati ikutane saa hii."

Na kamati ya msiba haijui kufanya jambo nusunusu. Kuandamana huku ni tiketi ya kurudishwa kwenu, kwa hivyo hatukuandamana. Tulienda kuona chumba. Wawili wawili, jioni ile na kesho yake, kwa adabu zote: wauguzi wa Muaither, madereva wa Al Wakrah, Waganda walioitwa na majirani zao. Kila mmoja alibisha akauliza, "Chumba bado kipo?" Walio kazini walilisambaza tangazo kwenye kurasa zao, na Wafilipino wa wodi yetu wakaandika chini yake kwamba hata wao hawapangi pale. Niliyasoma yote nikiwa zamuni, nikajivunia watu wangu mpaka machozi yakanilenga.

Jumamosi jioni nilimsindikiza msichana. Dalali alifungua kabla hatujabisha. Alikuwa amechoka, ufunguo mkononi, tangazo ameshalifuta.

"Hao watu wote," akamuuliza, "ni ndugu zako?"

Wengi wao msichana hakuwahi kuwaona hata siku moja.

"Ndiyo," akasema, akaupokea ufunguo. "Na wengine wako njiani."