Chelangat Hakustaafu

Tangu jana asubuhi nimesoma ile message mara kumi na akili bado imekataa. Chelangat wetu wa Silibwet ametuacha.

Nilikuwa nilie kimya kimya kama watu wengine. Halafu nikatumiwa programu ya mazishi, na ukurasa wa pili umeandikwa ati "alifanya kazi kwa bidii katika shamba la majani chai hadi alipostaafu."

Alistaafu nani? Chelangat alifukuzwa kazi, na mimi nilikuwa hapo.

Kwa wale hamkumjua: miaka ya tisini nilikuwa karani wa kupima majani kwa estate moja upande wa Kericho. Kijana wa kutoka ziwa, kalamu sikioni, maringo mengi. Chelangat alikuwa mchumaji, lakini kwa sababu alimaliza Form Four na kizungu chake kilikuwa safi, ofisi ikampa kazi ya kutembeza wageni.

Aliniita "Karani" mpaka mwisho. Hata juzi kwa simu: "Karani, umekula?"

Wageni wengi walikuwa wazungu, watoto na wajukuu wa wale waliopanda chai ya kwanza. Chelangat alipewa karatasi imepigwa taipu, aisome vile ilivyo. Mstari wa kwanza ulisema hapa palikuwa msitu mtupu, hapana mtu, mpaka mzungu akaja na mbegu.

Aliisoma mwaka mzima. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa anaisoma akitabasamu.

Sasa, mlangoni mwa banda letu la kupima kulikuwa na jiwe. Sisi wote tulikwangulia hapo matope ya gambuti kabla ya kuingia, mimi wa kwanza.

Siku moja gogo yake, nyanya mzaa mama, alikuja kumtembelea kutoka Sigor. Akanikuta nimeweka mguu juu ya jiwe. Akasema kitu kwa Kikipsigis, na Chelangat akanitafsiria.

"Anasema ondoa mguu. Anasema hiyo ni ya jikoni ya mtu."

Tukaligeuza. Upande wa chini ulikuwa umelika katikati, laini kabisa, vile jiwe la kusagia wimbi hulika likitumika miaka mingi.

Gogo akakaa hapo chini akatuambia. Alikuwa msichana mdogo nyumba zao zikichomwa, watu wakasukumwa mpaka Chepalungu ili chai ipate nafasi. Baadaye babake akarudi kutafuta kazi, kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kimening'inia shingoni, akapewa jembe achimbe mashimo ya chai pahali mamake alikuwa analima wimbi.

Kisa ni rangi ya ngozi. Mtu asiniletee hapa kwa comments mambo ya "maendeleo".

Wiki iliyofuata Chelangat alileta wageni bandani. Karatasi aliiacha kwa mfuko. Akapiga magoti, akageuza jiwe, akawaambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba hapa kulikuwa na watu, na walikuwa wanasaga wimbi.

Mama mmoja mzungu akaanza kulia. Mzee aliyekuwa naye akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Na meneja alikuwa mweusi kama mimi. Hiyo hunikasirisha mpaka leo. Mzungu alikuwa ameshaenda kwao, lakini uongo wake sisi ndio tuliajiriwa kuutunza.

Akatuita wawili ofisini. Chelangat akasema jiwe lilitoka shambani. Meneja akanigeukia.

"Wewe karani, hiyo jiwe ilitoka wapi?"

Jameni, nilijua. Miaka miwili kabla, trekta iking'oa michai ya zamani shamba namba saba, jiwe lilitoka chini ya mizizi nikiangalia. Mimi ndiye niliambia watu walibebe walilete mlangoni, tupate pa kukwangulia matope.

Nikasema, "Sijui, sir."

Barua alipewa siku hiyo hiyo, imeandikwa uongo na uchochezi. Kambini akaambiwa atoke kabla ya Ijumaa. Alitoka na godoro, sufuria mbili, na lile jiwe amelifunga mgongoni kwa leso. Nilijifanya naandika.

Huyo mama alizunguka na jiwe lake shule za Silibwet mpaka Sigor, miaka na miaka, akiambia watoto waliguse, akiwafundisha mambo ambayo vitabu vyao viliruka. Walimu wengine walimfungia geti, ati analeta siasa.

Mke wangu alipojifungua hospitali ya Kaplong, nani alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda ya kwao? Ni yeye. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Mimi sina shida na wewe, Karani. Lakini si mimi nilikuuliza swali. Ni wao. Nenda uwajibu."

Sikuenda. Nilikuwa na mtoto mchanga, nilikuwa na kazi, sababu hazikukosa. Mimi ndiye nilistaafu, nikapewa cheti na blanketi.

Sasa nasikia estate inatuma mtu Jumamosi aje kuongea juu ya "mfanyakazi wetu mwaminifu". Nimeomba dakika tano kabla yake, na binti ya Chelangat amekubali. Jiwe litakuwa hapo mbele, kando ya jeneza.

Kwa wale hamtafika, jibu ni hili, na mlisambaze. Jiwe lilitoka shamba namba saba, chini ya mizizi ya chai. Nililiona likitoka. Hapo kulikuwa na watu.

Nimejibu, Chelangat. Nimechelewa sana na naona aibu.

Tua mzigo sasa, dada yangu. Lala. Jiwe nitalibeba mimi.