Mazishi Yasiyo na Mwenyekiti

Mama Turubai alifariki Jumanne, na kufikia Alhamisi asubuhi ikadhihirika kwamba hazikiki.

Alikuwa dobi, mjane mwenye binti mmoja, na kwa miaka ishirini na miwili mwenyekiti wa chama cha kuzikana cha mtaa. Turubai, viti mia moja na masufuria makubwa vilikaa stoo, na hakikutoka hata kijiko bila fomu yenye sahihi yake. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, na hakuwa mtu wa mchezo. Aliwahi kusimamisha harusi kwa sababu bwana harusi hakuwa amerudisha viti vya harusi yake ya kwanza. Lakini mtu akifiwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi, mikono bado ina povu la sabuni.

Sasa binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa amesimama juani mbele ya stoo. Gari la maiti lilikuwa linapiga honi. Katibu, karani mstaafu wa posta, alikuwa ameikumbatia fomu.

"Mwanangu, pole sana. Ila bila sahihi ya mwenyekiti hatuwezi kuzika."

"Mwenyekiti si ndiye marehemu, baba!"

"Najua. Ndiyo maana kwenye kikao cha leo nimemwandikia ana udhuru."

"Na makamu wake?"

"Hatuna. Kila tukitaka kumchagua, mama yako anauliza, 'Kwani mnangoja nife?'"

Waombolezaji waliguna kwa kukubali. Binti akapandwa na hasira. Mama aliyewasitiri watu wa mtaa mzima, leo wa kukwama ni yeye!

"Halafu mama hakujua kuandika," alisema. "Alikuwa anaweka dole gumba."

Katibu akawaza. "Dole si bado analo? Tukienda na wino..."

"Thubutu!"

"Basi, basi, yaishe. Lakini hapa hajawahi kuweka dole. Alikuwa anasaini. Hebu tazama."

Akafungua faili. Fomu baada ya fomu, chini palikuwa na sahihi ileile: duara lililopinda, mikia miwili, na nukta nzito mwishoni.

Binti alilivuta faili karibu. Sahihi hiyo aliibuni yeye akiwa darasa la nne, alipofeli hesabu na kuisaini ripoti mwenyewe, pale palipoandikwa mzazi. Nukta aliiweka kwa kuwa aliamini sahihi ya mtu mzima haikamiliki bila nukta. Mama hakuwahi kumuuliza neno, na miaka yote hiyo binti alijua amemzidi akili. Kumbe mama aliiona, akakaa nayo mahali peke yake, akajifunza kuinakili mpaka ile nukta.

Akaomba kalamu. Alisaini mbele ya watu wote, huku machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Katibu alivaa miwani, akalinganisha karatasi mbili, akazigeuza kwenye mwanga, akalinganisha tena.

"Ni yenyewe," aliwatangazia watu. "Mwenyekiti ameridhia. Toeni turubai."